Fremu Mbili Bila Kibali

Jumatatu, 2 Juni

Baridi kali. Nimejenga hata hivyo. Ukuta wa fremu ya barabarani umefika usawa wa lenta, pale juu ya mlango. Nikaweka timazi, uzi ukatulia palepale. Kuta za vijana wa siku hizi ukizitazama unadhani zimetoka kilabuni.

Fundi wa rika langu hapa Mfaranyaki hayupo tena. Wengine wamekufa, wengine mikono inatetemeka hata kushika kikombe. Mkono wangu mimi bado. Nyumba nyingi za mtaa huu zimepita humu mkononi, na hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi.

Fremu za duka ni mbili. Ya ndani atapanga mtu wa duka la dawa, ametoka Njombe anatafuta pa kuanzia. Ya barabarani ni ya binti yangu Fausta. Sasa hivi anashonea barazani kwangu na upepo wa Matogoro unamrushia vitambaa uani. Ana kazi nyingi mwezi huu, sare za watoto, shule zikifungua Julai lazima ziwe tayari.

Mume alimrudisha kama mtu anayerudisha debe linalovuja. Hana mtoto. Ana cherehani. Leo nilimwambia bila mimi angekuwa anauza kuni njiani. Akasema ndiyo, baba. Sikumwonea. Ni kweli.

Alhamisi, 5 Juni

Amekuja binti wa mipango miji. Anaitwa Stela. Ameniamkia vizuri, hilo sikatai. Halafu akaomba kuona kibali cha ujenzi. Nikamwonyesha mwiko. Nikasema hiki ndicho kibali changu, nimekuwa nacho kabla mama yako hajavunja ungo.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akaanza kunieleza polepole kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Jengo la biashara mjini, hata likiwa dogo namna gani, huanza na kibali. Unapeleka karatasi ya kiwanja, mchoro, na barua ya mtaa. Wanakuja kuangalia mpaka. Wanaangalia msingi kabla hujapandisha, wanaangalia lenta kabla hujaezeka, lazima iwe na nondo. Aliyekwisha kujenga bado anaweza kuomba, wanakagua kilichopo, analipa faini yake, anaendelea. Akasema mzee, kwa fremu mbili si jambo la kukunyima usingizi, nitakusaidia mwenyewe kujaza.

Nikasema mchoro uko kichwani, mkiutaka nipasueni. Nondo zimekuja mjini mimi nimeshakuwa fundi, mimi lenta nalaza miti ya mlingoti nafunika na zege, na nyumba zinasimama. Baba yake namjua. Nyumba yao ya Matogoro nilipiga lipu mimi.

Akachukua kopo la rangi nyekundu akaandika ukutani SIMAMISHA UJENZI. Juu ya tofali nilizofyatua na kuchoma mwenyewe. Nilitaka kumpiga. Sikumpiga kwa sababu ni mwanamke, na kwa sababu alikuja na mgambo.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemwaga lenta leo. Juu kabisa ya maandishi yake.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Padri amesema sana habari za upepo na moto. Baada ya misa niliwasimulia wanaume jinsi nilivyomjibu yule binti. Walicheka mpaka wengine wakashika ubavu.

Jioni nikamkuta Bakari kwenye ua wa minyaa unaotutenganisha. Bakari ni Myao, mimi Mngoni, utani wetu ni wa miaka. Mwaka jana walimchorea alama ya X kwenye kibanda chake cha mkaa. Akakibomoa mwenyewe, haraka haraka, kama kuku aliyetupiwa jiwe. Akaenda kuomba kibali. Sasa anacho, amekitia kwenye fremu ya kioo kama picha ya harusi, na amejenga duka zuri kiasi. Kona zake si mbaya. Si nzuri pia.

Nikamwambia mwanaume mzima anaogopa rangi.

Akasema, "Mtani, babu zako walikuja na mikuki wakatukuta tumeshapima mipaka."

Nikasema, "Na mlipotuona mkaikimbia, mkatuachia."

Akacheka. Lakini akaongeza kwamba huyu binti anasema kwa upole tu, kazi yenyewe haina upole. Mwoga huona waoga wenzake kila mahali.

Jumatano, 11 Juni

Jana nimemaliza kuezeka bati fremu zote mbili. Leo wameleta barua. Wapima ardhi watakuja kutafuta bikoni ya kona ya barabarani, jiwe lao la mpaka.

Hawataiona. Najua ilipo. Nilipochimba msingi niliikuta pale karibu na mpera, jiwe la saruji zito, lina chuma katikati. Fundi hatupi jiwe kama lile. Sisi nyumba huanza na jiwe la kona. Mwenye nyumba analiweka kwa mkono wake, anamwagia pombe ya komoni kwa ajili ya wazee waliotangulia, katekista anapitisha maji ya baraka, ndipo msingi unatembea. Na jiwe la kona sharti liwe gumu kuliko yote. Nikaling'oa, nikalisogeza mbele kuelekea barabarani maana kona yangu nilitaka iwe pale, nikalilaza. Fausta ndiye aliyenishikia kata ya komoni.

Bado naona nilikuwa na akili. Nani mwingine hapa mjini jengo lake limekalia jiwe la serikali?

Ijumaa, 13 Juni

Siku mbaya. Naandika nikiwa na hasira.

Walikuja na mashine ya miguu mitatu. Vijana wakachimba kwa jembe karibu na mpera, wakachimba tena. Mimi nimekaa kwenye kiti natafuna muhogo wa kuchoma. Bakari akatoka kwake akawaambia anakumbuka lilikuwa hapohapo. Nikamwambia macho yake yana ukungu. Fausta akawaletea maji ya kunywa, akanitazama. Nikamtazama mimi pia. Akaingia ndani.

Kumbe hawalihitaji. Mashine inahesabu kutoka kwenye bikoni nyingine za mbali. Wakatembeatembea, wakaja wakapigilia kigingi chenye utepe katikati ya sakafu ya fremu ya Fausta. Kigingi ndani ya nyumba yangu. Nusu ya fremu ile, wanasema, iko kwenye hifadhi ya barabara.

Halafu kijana mmoja akainama kwenye kona. Sikuwa nimepiga lipu chini. Ncha ya chuma ilikuwa inachungulia. Akasugua na kidole. Akawaita wenzake. Akasema mzee ameijengea bikoni, ameifanya jiwe la msingi.

Wakacheka. Bakari alicheka mpaka akakaa chini. Watu waliokuwa wanapita wakasimama kuuliza, wakaambiwa, wakacheka na wao. Kucheka kwa watu wazima mbele ya kazi ya mikono yangu.

Stela hakucheka. Ndiye niliyemchukia kuliko wote.

Alisubiri wamalize, akaja akachuchumaa karibu na kiti changu. Kung'oa bikoni ni kosa, akasema, lakini ataandika kwamba sikujua. Nibomoe fremu ya barabarani mwenyewe, taratibu, niokoe tofali na bati. Jiwe lirudi mahali pake. Fremu ya ndani iko sawa na mpaka, wataikagua, nitarekebisha lenta, itapata kibali.

Nikamwambia, sikujua? Nilijua sana. Andika hivyo.

Jumanne, 17 Juni

Mtu wa duka la dawa amekuja asubuhi. Anataka nakala ya kibali cha jengo. Anasema wanaompa leseni wataiuliza, bila hiyo hawapitishi duka, na yeye mtaji wake ni mdogo, hawezi kukaa anasubiri. Alisema kwa adabu. Nikamwambia mfanyabiashara anayeogopa hawezi kuuza hata chumvi. Akaniaga. Nikamwona anapita kwenye mwanya wa minyaa kwenda kwa Bakari.

Mchana Fausta akaja akapiga magoti. Akasema, "Baba, vunja hiyo yangu. Mimi nitabaki barazani. Hii ya ndani ipone."

Mtoto niliyemjengea ananiambia nivunje. Damu ilinipanda. Nikamwambia ndiyo maana mwanaume alikurudisha, kila kitu unakiacha kiende. Hulii, hushiki, unaacha tu.

Hakulia kweli. Akainuka, akapangusa magoti, akarudi kwenye cherehani. Niliisikia inakimbia mpaka giza.

Chakula hakikuwa na chumvi. Au ni mdomo wangu.

Jumamosi, 21 Juni

Nimegundua. Mtendaji wa kata amenipongeza njiani, eti familia yangu imeanza kufuata utaratibu. Utaratibu gani? Kumbe Fausta alikwenda ofisini kwa Stela na karatasi yangu ya kiwanja. Ameomba kibali cha fremu ya ndani. Amemtafuta mchoraji, akamshonea mkewe magauni, akachorewa.

Nilimkuta anakata kola. Nikaidai karatasi ya kiwanja, akaitoa kwenye mkoba, nikaifungia sandukuni. Mchoro niliukuta umekunjwa vizuri chini ya mikasi. Niliufungua. Umechorwa safi, sikatai. Milango, madirisha, mishale ya vipimo, jina langu pale chini, Mzee Ksaveri, kana kwamba nimechora mimi.

Nikautia kwenye moto wa jikoni. Karatasi ya mchoro ni nene, inawaka vizuri. Fausta alikuwa anasonga ugali kwenye moto uleule. Hakuacha kusonga.

Jumanne, 24 Juni

Notisi ya mwisho. Wamebandika na gundi. Wanakuja Jumatatu. Niliibandua, ikatoka vipande vipande na ngozi ya tofali.

Bakari kaja kunisihi. Anasema atanipa vijana wa kusaidia kuezua bati, tubomoe wenyewe kabla ya siku. Leo hakutania hata kidogo, ndiyo nikajua anafurahi. Nikamfukuza. Mtu wa duka la dawa ameshachukua fremu yake.

Jumapili, 29 Juni

Nimewaweza.

Kufuli hukatwa. Mlango hung'olewa. Tofali hazina ufunguo.

Fausta alipokwenda misa nilibeba cherehani yake kutoka barazani, mwenyewe, mgongoni. Chuma kizito kile, cha kukanyaga. Kijana hawezi. Nikabeba na mafurushi ya sare, sketi za buluu, mashati meupe, yaliyokwisha na yasiyokwisha. Nikaviweka ndani ya fremu ya barabarani. Kisha nikaujenga mlango. Tofali juu ya tofali mpaka chini ya lenta, saruji ya kutosha. Ukisimama nje huoni kama palikuwa na mlango.

Hawatathubutu. Kubomolea kuta juu ya mali ya mwanamke masikini, juu ya nguo za watoto wa shule? Mji mzima utawasema. Yule binti ana roho laini, nimemsoma. Atawageuza watu wake warudi.

Fausta alirudi akaona baraza tupu. Akaona ukuta. Aliugusa, saruji ilikuwa bado mbichi.

Akasema, "Baba, hizo nguo si zangu. Ni za watoto wa watu."

Nikamwambia ndiyo maana yake hiyo. Ndiyo ngao.

Akaomba nitoe hata tofali chache, sasa, kabla hazijashika. Nikamwambia akijaribu kuugusa ukuta wangu nitamrudisha alikotoka, na alikotoka hawamtaki. Akakaa chini mbele ya ukuta. Alikaa sana.

Jumatatu, 30 Juni

Niliondoka mapema kwa bodaboda mpaka Matogoro. Sikutaka wanikute waniombe. Wakiniona wangeongea, na mimi nikiongea naweza kulegea kwa sababu ya adabu. Simu nikaizima.

Nilikaa kilabuni. Niliwasimulia nilivyoifunga serikali nje kwa tofali. Waliniita jemadari. Mzee mmoja akasema watu kama mimi wamekwisha. Nilikunywa komoni mpaka jua likapinduka.

Nimerudi. Hakuna fremu. Hata moja.

Nimesimuliwa na Bakari, maana Fausta hasemi. Stela alifika na watu wake asubuhi, wakaukuta ukuta. Fausta akamwambia kilichomo. Stela akapiga simu yangu, akapiga tena. Akawaambia watu wake wakae, mtambo wa kubomolea uzimwe. Fausta akapanda bodaboda akanitafuta kilabu hadi kilabu, Mfaranyaki yote, akaenda mpaka sokoni. Hakuwaza Matogoro. Akarudi amejaa vumbi. Stela akasema watangoja, walete mtu mwenye ujuzi afungue mlango kwa utaratibu, hata kesho.

Fausta hakungoja. Aliogopa nikirudi nitakataa. Akachukua nyundo yangu. Nyundo yangu mwenyewe, chini ya kitanda. Akaanza kuvunja mlango nilioujenga. Wanaume walimfuata wamsaidie, wakamwambia aanze juu, aanze polepole. Tofali la tatu au la nne, lenta ikalia. Bakari anasema ililia kama mti porini. Akamvuta Fausta kwa kanga, wakaanguka wote wawili kwa nyuma. Lenta ikashuka. Ikaburuta kenchi za paa na bati, na ukuta wa katikati ukafunguka, na fremu ya ndani ikapasuka toka juu hadi chini. Watu wa Stela wakaishusha na hiyo, ilikuwa inangoja mtu wa kumwua.

Lenta ililalia cherehani.

Angeiacha. Tofali zangu zilikuwa zimeshika. Wasingeingia.

Jumanne, 1 Julai

Nilikwenda kuangalia lenta. Miti imekatika katikati, ilikuwa mibichi. Mafundi wa zamani tulilaza miti mikavu. Mwaka huu mikavu imekuwa adimu. Kosa ni la miti.

Kichwa cha cherehani kimepasuka vipande viwili. Gurudumu limekunjwa kama chapati. Nilimwambia Fausta namjua fundi wa kuunga chuma. Alikuwa anavuta sketi kutoka kwenye kifusi, anazikung'uta moja moja, anazipanga kwenye mkeka. Nyingi zimechanika. Mashati meupe yamekuwa rangi ya udongo.

Alhamisi, 3 Julai

Wazazi wanakuja kufuata sare. Fausta anasimama mlangoni anamweleza kila mmoja. Hasemi ni mimi. Anasema ukuta ulianguka.

Mama mmoja alitukana sana, aliita jina la ukoo wetu. Mwanawe alikuwa pembeni. Fausta akampa sketi iliyosalimika, akakaa akaipindia marinda kwa mkono, kwa sindano, hapohapo, mama yule akiendelea kutukana. Mimi nilikuwa ndani nasikiliza. Ningeweza kutoka nikamnyamazisha. Nilivaa hata viatu.

Sikutoka. Wanawake wana maneno.

Jumamosi, 5 Julai

Fausta ameondoka. Amekwenda Madaba kwa mama yake mdogo. Kule kuna mtu ana cherehani mbili, anahitaji mkono.

Asubuhi alifagia. Akachota maji akajaza ndoo zote. Akapika ugali na likolo la majani ya maboga, akafunika. Nilikuwa nimekaa nje natazama kifusi. Nikamwambia nenda, utarudi, wewe unajua kurudi.

Alikuwa ameshapita na mkoba wake kichwani. Akasimama.

Akasema, "Ukuta ulikuwa mzuri, baba."

Basi. Akaenda kituoni. Hata yeye amekiri. Nimelifikiria neno hilo kutwa. Ukuta ulikuwa mzuri.

Chakula nimekila baridi.

Jumanne, 8 Julai

Shule zimefungua. Watoto wamepita njiani. Wachache wana sare mpya. Wengine wamevaa za mwaka jana, fupi, magoti nje, na baridi hii. Waliponiona walikuwa wanaongea, wakanyamaza, wakapita, wakaongea tena.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda misa. Nimekaa kwenye kifusi nagonga saruji iliyoshikamana na tofali. Linalosafika naweka huku, lililovunjika naweka kule. Saruji yangu ngumu, haitoki upesi. Vidole vimechanika kidogo.

Kwa Bakari duka la dawa limefunguliwa. Watu wanaingia, wanatoka. Alinitumia chai kwa kikombe. Nimeinywa.

Stela alipita, hakuwa na mgambo wala kopo. Alikuwa ametoka kanisani, kavaa kitenge. Shikamoo mzee. Marahaba. Akakaa juu ya tofali nilizopanga, hakuuliza kama anaruhusiwa. Jiwe lao wamesharudisha karibu na mpera, akasema, na ombi la fremu ya ndani bado liko mezani kwake, hajalifunga. Msingi wake haukuharibika. Unahitaji mchoro mpya tu, na aliyeomba aje kutia sahihi.

Nikagonga tofali jingine.

Akauliza, "Fausta yupo?"

Nikasema, "Yupo ndani. Anashona."

Akageuza kichwa akatazama nyumba. Mlango ulikuwa wazi na ndani kumetulia, inzi tu. Alitazama muda, halafu akapangusa kitenge chake akainuka.

Akasema, "Haya, mzee. Msalimie."

Nikasema zimefika.

Nimegonga tofali mpaka sikuona tena ninapogonga.